Kidonge cha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Maandishi ya somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Hamjambo ninyi mliomo darasani, na ninyi mliokaa chini ya mwembe kwa sababu darasa limejaa. Na wewe unayesoma maneno haya nyumbani peke yako, hujambo. Soma polepole. Neno likikushinda liruke, soma mbele, halafu urudi.

Leo kila mtu awe na kalamu, daftari, na konzi ya punje za mahindi. Punje hizo tutazihesabu baadaye kidogo. Msiwape kuku.

Tumepata barua ya mama mmoja aliye katika mwaka wa pili wa kisomo. Jina lake sitalitaja, maana mambo ya ugonjwa ni ya mwenyewe. Anasema hivi. Mume wake ni fundi seremala. Zamani aliugua kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Lakini tangu hapo kifua hakikutulia. Kila asubuhi hukohoa na kutoa makohozi mengi ya rangi ya njano. Mwaka jana alizidiwa mara nne, na mara mbili alilazwa. Daktari wa hospitali ya mkoa alimpima makohozi, akaona kifua kikuu hakipo. Akampa vidonge, ameze kimoja Jumatatu, kimoja Jumatano na kimoja Ijumaa, kwa miezi sita. Sasa ni mwezi wa tatu, naye ana nafuu.

Basi mama huyu akaitoa karatasi iliyomo ndani ya pakiti, akaisoma. Maneno ya Kizungu binti yake alimsaidia. Akakuta imeandikwa moyo, imeandikwa masikio, imeandikwa ini. Akaogopa. Jirani naye akamwambia kwamba dawa ya namna hiyo humezwa siku tatu tu, na mtu akizidisha anakula sumu. Tena yuko shemeji yake, ambaye pia anakohoa, naye anaomba apewe vidonge vichache. Mama anatuuliza: mume wangu aendelee au aache? Na shemeji nimpe au nimnyime?

Kwanza nampongeza. Karatasi ile wengi wetu huitupa, au hufungia karanga. Yeye ameisoma, na hofu aliyoipata ni hofu ya mtu mwenye akili.

Ili tumjibu, hatuna budi tuingie ndani ya kifua tuone mambo yalivyo.

Pumzi hupita kooni ikaingia katika mrija mmoja mpana. Mrija huo hugawanyika, mmoja kwa kila pafu, na kila mmoja hugawanyika tena na tena, kama mti uliopinduliwa chini juu. Vitawi vya mwisho ni vyembamba mno. Ndani ya mirija mna ute, na mna vinyweleo vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ute hunasa vumbi na vijidudu. Vinyweleo huufagia ute kwenda juu hata kooni, mchana na usiku, nawe unaumeza bila kujua. Kila mtu ana wafagizi wake ndani ya kifua, wasiodai mshahara.

Sasa, mtu akiugua kifua kikuu, au nimonia mbaya ya utotoni, au akivuta moshi wa kuni na wa sigara miaka mingi, mirija yaweza kuharibika. Kwa wengine husinyaa, ikawa myembamba, na pumzi hutoka kwa shida. Kwa wengine hutanuka na kulegea kama soksi kuukuu, na vinyweleo hufa. Nikiisoma barua ya mama, naona fundi wetu yumo katika kundi hili la pili.

Je, umepata kuona mfereji wa shamba uliobomoka kingo? Maji hayaendi. Yanatuama, yanageuka kijani, na mbu wanazaana humo. Ndivyo ulivyo ute katika mrija uliolegea. Hautoki, unatuama, na vijidudu vinaona mahali pa kukaa. Mwili unapeleka askari wake kupigana navyo. Vita hiyo ndiyo inayogeuza makohozi kuwa njano au kijani. Lakini askari wakipigana ndani ya nyumba, nyumba nayo huumia. Ukuta wa mrija unazidi kulegea, ute unazidi kutuama, vijidudu vinazidi kuzaana, na vita inaanza upya.

Andika neno hili katika daftari: MZUNGUKO. Lisome kwa sauti. Mzunguko huu ndio daktari anaotaka kuukata. Kila mara mgonjwa anapozidiwa hupoteza siku za kazi, hulala hospitali, na pengine pafu halirudi kama lilivyokuwa juzi.

Dawa aliyopewa fundi inaitwa azithromaisini. Tuigawe: a-zi-thro-ma-i-si-ni. Ni dawa ya kuua vijidudu, katika kundi ambalo waganga huliita antibiotiki. Ndugu yake mkubwa ni erithromaisini, iliyoanza kutumika mwaka 1952. Huyu mdogo alipatikana mwaka 1980 katika maabara ya kampuni ya Pliva, mjini Zagreb, katika nchi ambayo leo inaitwa Kroatia. Wasikilizaji wa Kongwa, na wa sehemu nyingine za Dodoma, huenda wanaijua. Ndiyo dawa iliyogawiwa vijijini kwa ajili ya ugonjwa wa macho wa vikope. Lakini huko watu walimeza mara moja, kisha wakangoja mwaka mzima.

Wazo la kumeza dawa ya jamii hii kidogo kidogo kwa muda mrefu lilipata nguvu huko Japani. Palikuwa na ugonjwa wa mirija midogo ya mapafu uliowaua Wajapani wengi. Katika miaka ya 1970, ukiwachukua wagonjwa 100 wa ugonjwa huo, baada ya miaka 5 walikuwa hai 63 hivi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari mmoja, Shoji Kudoh, alimwona mgonjwa aliyepata nafuu kubwa ambayo hakuna aliyeitazamia. Akachunguza, akakuta kwamba daktari mwingine alikuwa akimpa mtu huyo erithromaisini kila siku, kwa muda wa miaka 2 hivi. Kudoh hakulipuuza jambo hilo. Akawajaribu na wagonjwa wengine. Kwa wale waliogunduliwa na ugonjwa tangu 1985, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walifika 91 hivi katika kila 100.

Jambo la ajabu ni hili. Kipimo walichopewa kilikuwa kidogo, na vijidudu vingi vilivyokuwamo katika mapafu yao ni vya aina ambayo dawa ile haiwezi kuviua. Basi watu waliponaje? Wachunguzi walikuja kuona kwamba dawa za jamii hii hufanya kazi ya pili. Hupoza ile vita. Huwatuliza askari wa mwili wasivunje nyumba wanayoilinda.

Kwa hiyo jirani wa mama hakusema upuuzi mtupu. Ni kweli, mtu mwenye ugonjwa wa siku chache pengine hupewa vidonge vya siku tatu, basi. Lakini fundi hatibiwi ugonjwa wa siku chache. Na kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini siku nyingi kabla ya kuisha, siku tatu katika juma zatosha. Hana haja ya kuimeza kila siku.

Je, inasaidia kweli? Hapa ndipo tunapohitaji hesabu, maana mtu mmoja akisema "mimi nilipona" haitoshi. Pengine angepona hata kwa uji.

Huko New Zealand walichukuliwa wagonjwa 141 wenye mirija iliyotanuka kama ya fundi wetu. Wengine walipewa azithromaisini, siku tatu kwa juma, kwa miezi sita, sawasawa na fundi. Wengine walipewa kidonge kinachofanana na kile, lakini ndani hakina dawa. Wagonjwa wenyewe hawakujua nani amepewa nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Tukihesabu kwa watu 100 wa kila upande, wasiopewa dawa walizidiwa mara 157 katika miezi ile sita. Waliopewa dawa walizidiwa mara 59.

Shika kalamu. Andika 157. Chini yake andika 59. Toa.

Umepata 98? Vizuri. Hayo ni magonjwa 98 ambayo hayakutokea, na baadhi yake yangekuwa vitanda vya hospitali.

Lakini ngoja, usipige makofi bado. Walipopima nguvu ya pumzi, yaani hewa mtu anayoweza kuipuliza kwa mara moja, hawakuona tofauti ya maana. Mirija iliyolegea ilibaki imelegea. Dawa ilipunguza vita, lakini nyumba haikuijenga upya.

Karibu na kwetu pia jambo hili limechunguzwa. Huko Harare katika Zimbabwe, na Blantyre katika Malawi, watoto na vijana 347 wenye virusi vya UKIMWI na mapafu mabovu walipewa azithromaisini mara moja kwa juma, au kidonge kisicho na dawa, kwa majuma 48. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliopewa dawa walizidiwa karibu nusu ya mara ambazo wenzao walizidiwa. Nguvu ya pumzi haikuongezeka. Mnaona? Mahali pengine, watu wengine, lakini habari ni ileile.

Sasa tusome upande wa pili wa karatasi ya mama.

Leteni punje. Tenga punje 25 upande wa kulia. Tenga punje 20 upande wa kushoto. Nitawaambia maana yake. Huko Marekani wagonjwa 1,142 wenye mirija iliyosinyaa walichunguzwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yalitolewa 2011. Hao walimeza azithromaisini kila siku, au kidonge kisicho na dawa. Masikio yao yalipimwa. Katika kila 100 waliomeza dawa, 25 walionekana kwamba usikivu umepungua. Hizo ni punje zako za kulia. Katika kila 100 ambao hawakumeza dawa, 20 nao walipungua usikivu, maana ni watu wazima na umri nao una mambo yake. Hizo ni punje za kushoto.

Mtu asiyejua hesabu atasema, "Dawa imewaziba masikio watu 25!" La. Angalia punje zako. Tofauti ni 5. Watu 5 katika 100. Si wengi, lakini kama fundi ni mmoja wa hao watano, na msumeno wa umeme anautambua kwa sauti, kwake si jambo dogo. Kwa hiyo masikio yakianza kuvuma, au akianza kuuliza "Umesema nini?" kila mara, asingoje mwezi wa sita. Aende hospitali upesi. Mara nyingi dawa ikiachwa mapema usikivu hurudi, lakini si kila mara.

Wagonjwa hao wa Marekani nao walipata faida, ila ilikuwa ndogo kuliko ile ya New Zealand. Kwa watu 100 katika mwaka, walizidiwa mara 148 badala ya 183. Tena, wale waliokuwa bado wanavuta sigara hawakuonekana kupata faida yoyote ya maana. Sitasema zaidi juu ya hilo. Mwenye sigara mfukoni amesikia.

Moyo je? Kwa mtu mwenye moyo mzima hatari ni ndogo. Katika jimbo la Tennessee, huko Marekani, walihesabu dozi nyingi sana za dawa hii zilizotolewa kwa siku chache chache, wakatangaza mwaka 2012 kwamba kwa kila dozi 1,000,000 kulikuwa na vifo vya moyo 47 zaidi kuliko kwa watu waliopewa dawa nyingine ya kawaida, amoksilini. Ni watu wachache katika milioni. Lakini hatari haikugawanyika sawasawa. Waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani ndio waliobeba sehemu kubwa. Dawa hii yaweza kuyapeleka mapigo ya moyo mrama. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hupima kwanza umeme wa moyo kwa mashine, na huuliza kama katika ukoo kuna mtu aliyeanguka ghafla akafa. Akikuuliza hivyo usione anakutakia mabaya.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa nchi za malaria. Kwinini, na hata dawa ya mseto, nazo zina tabia ya kuugusa umeme wa moyo. Fundi akipata homa asikimbilie dukani. Aende zahanati, apimwe damu, na aseme waziwazi: "Mimi ninameza azithromaisini mara tatu kwa juma." Aende na pakiti yenyewe. Na kama anatumia dawa ya kiungulia, ile nyeupe ya kutafuna au ya maji, asiimeze pamoja na kidonge chake. Aache saa mbili zipite, maana zinagombana tumboni.

Tumbo lenyewe mara nyingine hulalamika, kichefuchefu au kuharisha kidogo. Hilo si la kutisha, ila akiharisha sana, au macho yakigeuka njano, arudi kwa daktari.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo karatasi ya pakiti haikulieleza vizuri, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Andika neno: SUGU. Wakulima mnalijua. Shika kiganja chako, pale mpini wa jembe unaposugua. Ngozi imekuwa ngumu. Hiyo ni sugu. Vijidudu navyo huwa sugu, ila si kwa njia ileile. Kijidudu kimoja hakigeuki kuwa kigumu kama ngozi yako. Mambo yake ni kama palizi. Umepalilia shamba lenye magugu laini pamoja na ndago. Magugu laini yamekufa. Ndago ina vijinundu chini ya udongo, imebaki. Juma lijalo shamba zima ni ndago, na safari hii haina mpinzani.

Kila fundi anapomeza kidonge, anapalilia. Vijidudu laini vinakufa, vile vichache vigumu vinabaki na kuzaana. Katika uchunguzi ule wa Marekani, miongoni mwa watu ambao vijidudu vipya viliingia puani na kooni mwao, wale wa dawa walikutwa na vijidudu sugu mara 81 katika 100. Wale wasio wa dawa, mara 41. Huko Harare na Blantyre nako vijidudu sugu viliongezeka kwa waliopewa dawa.

Na vijidudu havikai kwa mtu mmoja. Fundi akikohoa mezani, vinaruka kwa mtoto. Siku mtoto huyo akiugua nimonia, dawa ile ambayo ingemsaidia haitamsaidia. Kwa hiyo mtu anayemeza dawa hii miezi mingi anakopa. Na deni hilo huenda likalipwa na mwingine aliye katika nyumba yake au jirani yake. Mimi sisemi asikope. Mtu aliyelazwa mara mbili kwa mwaka ana haki ya kukopa. Nasema tu akope kwa sababu ya kweli, kwa muda unaojulikana.

Sasa shemeji.

Nitawaambia habari ya mjomba wangu. Alikuwa mpishi wa mkahawa, na moshi wa jiko aliuvuta miaka 30. Alipoanza kukohoa, duka moja la dawa lilimwuzia vidonge vitatu bila cheti. Akameza, akasema ana nafuu. Baada ya majuma mawili kikohozi kikarudi. Akanunua vingine vitatu. Sisi nyumbani tulimsifu kwamba hapuuzi afya yake. Miezi saba ilipita namna hiyo. Alikonda, tukasema ni uzee. Siku alipopelekwa kupimwa makohozi alikutwa na kifua kikuu. Alitibiwa miezi sita, akapona, lakini ngazi za nyumba yake hawezi tena kuzipanda bila kupumzika njiani. Na mjukuu wake wa miaka minne, ambaye walikuwa wakilala chumba kimoja, naye alikutwa na kifua kikuu. Vile vidonge havikumdhuru mjomba kwa sumu yoyote. Vilituchelewesha.

Kwa hiyo, mama yangu, shemeji usimpe. Hata kimoja. Akikasirika na akasirike. Mwambie: mtu aliyekohoa majuma mawili huenda kupimwa makohozi. Mpeleke wewe mwenyewe ikibidi. Mume wako alipimwa kwanza, ndipo akapewa dawa. Shemeji anataka dawa kwanza. Tena kuna vijidudu vingine, jamaa wa mbali wa vile vya kifua kikuu, ambavyo azithromaisini ndiyo silaha yao kubwa ikitumiwa pamoja na dawa nyingine. Mwenye vijidudu hivyo akiimeza peke yake, anaiharibu silaha hiyo. Hospitali zenye maabara kubwa huvitafuta kabla ya kuanza dawa. Mama aulize kama makohozi ya mume wake yalitazamwa kwa ajili hiyo.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa maana nahofia kuna msikilizaji anayetibiwa kifua kikuu sasa hivi, naye amesikia maneno "miezi sita" na "vijidudu sugu," akadhani namwambia apunguze dawa. La, la, la. Dawa za kifua kikuu ni nyingine. Ni kadhaa kwa pamoja, ili kijidudu kikiponyoka hii kinaswe na ile. Ukiziacha kabla ya siku yake ndipo unapofuga sugu. Wewe maliza.

Na fundi? Nionavyo mimi, aendelee. Alizidiwa mara nne kwa mwaka, alipimwa kwanza, ana nafuu, na daktari amempa mwisho wa safari, yaani mwezi wa sita. Asiache katikati kwa neno la jirani. Lakini pia asifike mwezi wa sita akaongeza mwenyewe dukani kwa kuwa ameona utamu. Siku hiyo arudi kwa daktari, waangalie pamoja: je, amezidiwa mara chache kuliko zamani? Kama ndiyo, daktari aweza kumwambia aendelee mpaka mwaka, au apumzike waone. Kama hapana, hakuna sababu ya kukopa tena.

Wakati huohuo kidonge kisiachiwe kazi yote. Ute uliotuama hauna budi kutolewa, na kwa hilo hakuna kidonge. Fundi afanye hivi asubuhi na jioni, kwa robo saa. Akae kitako, mabega yalegee. Apumue polepole mara kadhaa. Kisha avute pumzi ndefu, aizuie kidogo, aiachie. Afanye hivyo mara tatu au nne. Halafu afungue mdomo na kuisukuma pumzi kwa nguvu, "haaa," kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Mara mbili tu. Atasikia makohozi yanapanda. Ayateme katika kopo lenye kifuniko, si sakafuni. Apumzike, arudie. Ninyi mliomo darasani mwaweza kujaribu sasa, ile "haaa." Mwalimu asishangae kelele. Mwenye kizunguzungu akae atulie.

Vumbi la mbao nalo ni adui. Afanye kazi penye upepo, afunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Na jiko la kuni litoke chumbani analolala. Hospitalini aulize habari za chanjo za kuzuia mafua makali na nimonia, kama zinapatikana.

Kazi ya mwisho ni ya mama, kwa kuwa yeye ndiye msomaji wa nyumba hiyo. Ninyi nyote andikeni pamoja naye. Fungua ukurasa mpya wa daftari. Piga mistari ya kusimama, upate nafasi nne. Juu ya nafasi ya kwanza andika TAREHE. Ya pili, KIDONGE. Ya tatu, RANGI YA MAKOHOZI. Ya nne, MENGINEYO. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mume akimeza, weka alama. Makohozi yakiwa meupe andika "meupe," yakigeuka andika yamegeukaje. Katika nafasi ya nne andika homa, masikio kuvuma, moyo kwenda mbio, kuzirai, kulazwa. Akizirai, au moyo ukipiga ovyo, asingoje kuandika. Aende hospitali siku hiyohiyo, mtaandika mkirudi.

Mwezi wa sita mama alichukue daftari hilo, alifungue mbele ya daktari, na amsomee mwenyewe.

Punje za mahindi sasa mwaweza kuwapa kuku. Juma lijalo tutajifunza kujenga jiko lenye bomba la kutolea moshi, kwa udongo na matofali. Kila darasa lilete kamba ya kupimia na mtu mmoja anayejua kufinyanga. Kwaherini.